Watamu kwa Miguu: Ufuo Unaokwenda kwa Saa ya Mwezi

Anayetaka kuujua ufuo wa Watamu kwa miguu yake aulize kwanza mwezi una siku ngapi, kisha ndipo aulize bei ya chumba. Mji huu mdogo wa Kaunti ya Kilifi, kusini kidogo ya Malindi, una fuo mbili mahali pamoja. Upo ufuo wa maji kujaa: ukanda mwembamba wa mchanga mweupe, viti vya mahoteli, mawimbi yakipiga majabali. Na upo ufuo wa maji kupwa, bahari inaporudi nyuma mamia ya mita na kuacha wazi mwamba, vidimbwi, nyasi za baharini, na viumbe ambao saa sita tu kabla walikuwa chini ya maji yanayompita mtu mzima kimo. Watalii wengi huuona ule wa kwanza, wakapiga picha, wakarudi kwao. Huu wa pili ndio nilioutembea peke yangu, kutoka ghuba ya mji hadi mlango wa hori la Mida, na ndio ninaotaka msomaji aujue, kwa sababu viumbe wake ni wepesi kuvurugwa kuliko wanavyoonekana.

Kanuni ya maji wavuvi wanaijua tangu utotoni. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia husimama karibu katika mstari mmoja. Mvuto wa jua hujumlika na wa mwezi, bahari ikapanda sana na kushuka sana. Hiyo ndiyo bamvua. Katika pwani hii tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa siku za bamvua hukaribia mita 4. Juma moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, nguvu zikapunguzana. Hayo ni maji mafu: bahari hupanda kidogo, hushuka kidogo, na sehemu kubwa ya mwamba haionekani. Kati ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake.

Mtu wa bara hushangazwa na jambo jingine. Bamvua ya hapa hukupwa karibu saa ile ile kila mara, kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha tena usiku. Sababu iko wazi ukiifikiria. Mwezi mwandamo hupita juu yetu pamoja na jua, adhuhuri. Mwezi mpevu hupita usiku wa manane. Maji ya pwani yetu huufuata mwezi kwa kuchelewa muda ule ule, kwa hiyo saa ya bamvua haibadiliki sana mwaka mzima. Kwa mtembezi hiyo ni neema, kwani atapata mwanga wa kutosha na saa kadhaa za kuzunguka mwambani. Kwa wanaoishi mwambani ni mtihani mzito, maana maji huwaacha wakati jua linapanda kuelekea utosini. Kujificha, kufunga kombe, kujichimbia, kubadili rangi, yote utakayoyaona asubuhi hiyo yanatokana na saa hizo chache za ukavu na joto.

Nilianza na majabali. Mbele ya ghuba kuna visiwa vidogo vya mawe vilivyoliwa na mawimbi kwa chini, vikabaki vyembamba shinani na vipana juu. Maji yakikupwa unaweza kuvifikia kwa miguu na kuligusa jiwe lenyewe. Sogeza uso karibu. Utaona matawi, mistari iliyojipinda, vipande vya makombe, vyote vimeganda. Hili ni tumbawe la kale. Miaka takriban 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto, barafu ya ncha za dunia ilikuwa pungufu, na bahari ilisimama mita 6 au zaidi juu ya ilipo leo. Hapa unapoweka kiganja paliogelea samaki. Baadaye ukaja wakati wa baridi kali, maji mengi yakageuka barafu, bahari ikashuka zaidi ya mita 100, na tumbawe likafa juani likawa jiwe. Jiwe hilo hilo ndilo walilokata na kujengea watu wa Gede, mji wa kale ulio kilomita chache tu kutoka hapa, na ndilo lililochomwa likawa chokaa ya nyumba za Waswahili kutoka Lamu hadi Kilwa. Mtembezi wa Watamu husimama juu ya mwamba uliokufa akiutazama ulio hai.

Na mchanga? Sehemu ya mchanga mweupe wa fuo za matumbawe kama huu imepita tumboni mwa samaki. Pono ana meno yaliyoungana yakawa mdomo mgumu, na kwa mdomo huo hukwangua miani midogo iliyoota juu ya matumbawe, akang'oa na jiwe lake. Kooni ana seti nyingine ya mataya yanayosaga. Lishe hubaki mwilini, unga wa jiwe hutoka nyuma. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka mmoja. Ukipiga mbizi mwambani hapa, nyamaza usikilize: mlio wa kukwaruza utakaousikia ni wa pono akila.

Kutembea mwambani kuna adabu zake. Viatu vya mpira, kofia, maji ya kunywa, na mguu uwekwe penye mchanga au jiwe kavu, kamwe usiwekwe juu ya tumbawe hai. Anayetembea peke yake ana faida moja kubwa: hana wa kuzungumza naye. Kundi la watu kumi hupita kidimbwi kwa dakika moja, wakaona maji tu. Mtu mmoja akichutama kando ya kidimbwi kile kile, kivuli chake kikiwa nyuma, baada ya muda maji yale huanza kumwonyesha wenyeji wake. Jongoo bahari huonekana anasogea. Jiwe linageuka kuwa samaki. Kiti cha pweza kilichoonekana kimekufa kinajipindua polepole kwa mamia ya miguu midogo yenye vikombe vya kunyonyea.

Pweza mwenyewe nilimjua kwa mabaki ya chakula chake. Kwenye kitundu chini ya jiwe palikuwa na rundo la magamba ya kaa na makombe matupu, safi, yamesukumwa nje. Nilikaa. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha kitu nilichokiona muda wote kama kibonge cha mwamba kikafungua jicho. Alikuwa kahawia, ngozi imekwaruka na kuinuka vinundu kama jiwe la jirani. Aliponyoosha mikono na kuteleza juu ya kipande cha mchanga, kahawia yote ilitoka, vinundu vikalala, akawa mweupe laini. Alipofika kwenye nyasi upande wa pili akarudia giza. Mabadiliko hayo yalikwisha kabla sijapepesa jicho mara mbili.

Kasi hiyo ina maelezo. Ngozi ya pweza imejaa vifuko vidogo vya rangi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli yake. Misuli ikivuta, kifuko hutanuka na rangi huonekana. Ikilegea, kifuko hunywea kikawa nukta. Kinyonga hutegemea mabadiliko ya polepole ya seli zake, lakini misuli ya pweza hupata amri moja kwa moja kutoka kwenye ubongo kwa mishipa ya fahamu. Chini ya vifuko kuna seli zinazorudisha mwanga, ndizo zinazompa weupe ule wa mchanga. La kustaajabisha zaidi ni kwamba jicho lake lina aina moja tu ya chembe za kupokea mwanga, wakati letu lina aina tatu za kuonea rangi. Majaribio mengi yanaonyesha kwamba haoni rangi kama tunavyoziona sisi, na bado anazifuatisha. Wanasayansi wanaendelea kubishana anafanyaje.

Maisha yake ni mafupi, mwaka mmoja na ziada kidogo. Jike hutaga mara moja tu, akalinda mayai yake bila kula mpaka yaangue, kisha akafa. Kwa ajili hiyo pweza hulipa upesi jamii inayompumzisha. Vijiji vya Pemba na vya kusini-magharibi mwa Madagascar vimejaribu kufunga sehemu za mwamba kwa miezi michache tu, kwa kuwa pweza mdogo hukua haraka mno, na anayeachwa leo huwa wa uzito mwingine kabisa siku ya kufungua. Sijui njia nyingine ya hifadhi ambayo mvuvi anaona faida yake kabla mtoto aliyezaliwa siku ya kufunga hajatambaa.

Watu wa Watamu wao walipewa njia ngumu zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, zikiwa miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika. Ndani yake haruhusiwi mtu kuvua wala kuokota hata kombe. Wavuvi walipoteza maeneo ya karibu, na malalamiko yao nayaona ya haki: faida ya hifadhi ilikwenda mapema kwenye mahoteli na ikachelewa kufika mitumbwini. Lakini bahari nayo imetoa ushahidi wake. Mtafiti Tim McClanahan, ambaye amechunguza miamba ya Kenya kwa miongo mingi, alionyesha na wenzake mlolongo ambao mtembezi anaweza kuukagua kwa macho. Kikande ni samaki mwenye meno ya kuvunja, na chakula chake kimojawapo ni wale wanyama wa mviringo wenye miiba ambao ukiwakanyaga hulali usiku huo. Penye uvuvi mkubwa kikande huisha mapema. Akiisha, hao wa miiba huongezeka bila kipimo, na kwa kuwa nao hukwangua mwamba kutafuta miani, huutafuna kuliko unavyoweza kukua. Ukifunga uvuvi, kikande hurudi, ingawa polepole, na mwamba hupata nafuu. Hesabu wenye miiba katika vidimbwi vya ndani ya hifadhi, halafu hesabu nje ya mipaka yake, utajionea.

Kuna adui ambaye hifadhi haimzuii. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto la ajabu wakati wa El Niño, matumbawe ya pwani hii yaligeuka meupe na mengi yakafa. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na miani ndani ya mwili wake; miani humlisha sukari inayotengeneza kwa mwanga wa jua, naye huipa makao. Joto likizidi kiwango cha kawaida kwa nyuzi moja au mbili tu kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika, miani hutoka, na mnyama hubaki na mifupa ionekanayo kupitia ngozi. Asipoipata tena upesi hufa njaa. Joto la namna hiyo limerudi tena tangu wakati ule, mwaka 2016 na mwaka 2024. Matumbawe niliyoyaona yana sura mbili, machanga yenye rangi yakiota juu ya mafuvu ya wazee wao.

Kutoka ghuba ya Turtle Bay njia inafuata pwani ya Garoda kuelekea kusini, mahoteli yakipungua, mpaka mchanga unapokatwa na mlango wa Mida. Hapa bahari huingia barani kwa mkondo mmoja na kujaza hori la takriban kilomita za mraba 32, lililozungukwa na mikoko. Mvuvi mmoja mtu mzima alikuwa kivulini akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uko peke yako?"

Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza najua kuogelea, kisha akanionyesha mlango kwa kidole cha shahada. "Maji haya hayangoji mtu. Ukiona povu linaanza kuingia ndani, ondoka. Usiseme dakika moja."

Alikuwa na haki ya kunionya. Maji yote ya kujaza hori hupita mlango huo mwembamba, na siku za bamvua mkondo wake una nguvu ya kumchukua mtu mzima. Kwa mtembezi wa peke yake, Mida huendewa kwa barabara ya nchi kavu, upande wa kijiji cha Dabaso au kwenye daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, ambalo kiingilio chake husaidia kulipia karo za watoto wa vijiji vya jirani. Mpango huo wa karo uliasisiwa na A Rocha Kenya, shirika lenye kituo chake papa hapa Watamu, na kwa maoni yangu ndio uliofanya mkoko na msitu vionekane vina thamani nyumbani kwa mwananchi.

Kabla ya kufika mikokoni utakanyaga tope lenye mchanga lililofunikwa na vipira vidogo, maelfu kwa maelfu, kila kimoja mfano wa punje ya mtama. Simama, usitikisike. Baada ya dakika mbili tatu tope zima linaamka. Kaa wadogo, mwili wao haufiki ukubwa wa kucha ya kidole gumba, wanatoka kwenye vitundu na kuanza kazi. Kila mmoja huchota mchanga kwa magando yote mawili, akaupitisha mdomoni ambamo vinyweleo huchuja miani na masalia yaliyooza, akautema mchanga uliosafishwa ukiwa kipira, akaupiga teke nyuma. Haraka, bila kupumzika, maana maji yakirudi ni lazima kila mmoja awe amejifungia. Hufuata mstari kutoka kitunduni kwake kwenda nje, ndiyo maana vipira hupangika kama miale. Kaa hao huitwa Dotilla kwa jina la kisayansi, na ndio wanaolisha nusu ya ndege nitakaowataja.

Mikoko yenyewe nitaipita kwa haraka, ila jani moja. Chuma jani la mchu, lipitishe ulimini: lina chumvi. Mchu huruhusu chumvi kiasi ipite kwenye mizizi, kisha huisukuma nje kupitia vitezi vya majani. Mkaka, ule wenye mizizi inayoinama kama miguu iliyopanuliwa, hutegemea njia nyingine: huizuia karibu chumvi yote mizizini isiingie. Miti miwili, tope moja, njia mbili za kuishi.

Mwangalizi wa ndege asiende Mida maji yakiwa yamekupwa kabisa. Wakati huo ndege wametawanyika mbali, nukta tu topeni. Aende maji yakianza kurudi. Bahari itamfanyia kazi: inameza tope mita kwa mita, ndege wanasogezwa ukingoni, na aliyekaa kimya tangu mapema huwaona wakimjia wenyewe.

Niliyemfuata hasa ni mla kaa, Dromas ardeola. Mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-buluu, na mdomo mnene mweusi ambao hakuna ndege mwingine wa pwani aliye nao. Hukimbia hatua chache, akasimama ghafla, akakimbia tena, akapiga. Kaa akiwa mkubwa, humkung'uta mpaka miguu ikatike, ndipo akammeza. Pembeni yake alisimama ndege wa kijivu, kimo kile kile, akipiga mluzi bila kuchoka. Alikuwa mtoto wake. Mzazi akanyakua kaa mwingine, na badala ya kumla, akamwachia mtoto.

Tendo hilo ni adimu sana. Vifaranga wa karibu ndege wote wa tope, vitwitwi na sululu, hujitafutia chakula tangu siku ya kwanza wanapotoka kwenye yai. Mla kaa yuko peke yake katika familia yake ya kisayansi, na anafanya mambo yake kwa namna yake. Huzaa katika miezi ya joto kali kwenye visiwa na pwani za mchanga za Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na jirani zake, kuanzia Iran, Kuwait na Falme za Kiarabu hadi Oman, Eritrea na Somalia. Huchimba shimo linaloweza kuzidi mita moja kwa urefu, akataga yai moja jeupe mwishoni mwa giza hilo. Jua hupasha mchanga, na mchanga hulitunza yai katika joto linalokaribia kabisa linalohitajiwa, kwa hiyo mzazi anaweza kuondoka muda mrefu akatafute kaa. Kifaranga hulishwa shimoni. Kisha familia husafiri hadi kwetu, na mtoto anaendelea kulishwa miezi kadhaa baada ya kufika. Kumkamata kaa mwenye magando kunaonekana kuwa ujuzi unaohitaji kufundwa.

Wa pili ni mdogo, gramu 60 hivi: kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini, Calidris ferruginea. Huyu huzaa kaskazini ya Siberia, katika rasi ya Taimyr na jirani zake, kule ambako jua la kiangazi halitui. Kutoka huko hadi Mida ni zaidi ya kilomita 9,000 hata ukichora mstari ulionyooka. Anapodunga mdomo wake topeni haoni chochote. Ncha ya mdomo imejaa vipokezi vya mguso vinavyohisi mtikisiko na mkandamizo wa mnyungunyungu aliyejificha. Na idadi ya wachanga wao wanaofika Afrika inategemea panya. Huko Siberia huishi panya wa barafuni waitwao lemingi, ambao huongezeka sana kwa mwaka mmoja na kuporomoka mwaka mwingine. Wakiwa wengi, mbweha wa barafuni hushiba kwao. Wakiisha, mbweha hugeukia viota vya ndege, na msimu huo vitwitwi wachanga wanaofika pwani za Afrika huwa haba. Habari za panya wa Taimyr zinasomeka kwenye tope la Kilifi.

Inapokaribia Aprili ndege huyu hubadilika. Kijivu chake kinageuka wekundu wa tofali, na anakula bila kupumzika mpaka uzito wake unaongezeka pengine kwa nusu, karibu wote mafuta. Hayo ndiyo nauli yake. Muda wa kula umepimwa na maji, saa chache kila kupwa. Sasa fikiria mbwa anayekimbizwa topeni kwa burudani, au kundi la wageni wanaowasogelea ndege ili waruke picha ipendeze. Kila kuruka huchoma mafuta, na kila dakika angani imetolewa kwenye dakika za kula. Ndege mmoja atafidia. Akirushwa mara nyingi kila siku mwezi mzima wa Machi, ataondoka mwepesi, na safari ile haina kituo cha kuomba msaada.

Siku za maji mafu, mwamba usipoonekana, nenda Arabuko-Sokoke. Msitu huo wa takriban kilomita za mraba 420 uko ng'ambo ya barabara kuu, na ndio mkubwa kuliko yote iliyosalia ya aina yake Afrika Mashariki. Humo, na hata kwenye magofu ya Gede, huishi sange mwenye matako ya dhahabu, mnyama wa ukubwa wa paka mdogo, pua ndefu, ambaye uchunguzi wa vinasaba unamweka karibu zaidi kiukoo na tembo na nguva kuliko na panya anaofananishwa nao. Duniani kote anapatikana katika vipande vichache vya misitu ya pwani hii ya Kenya.

Nimewaacha kasa mwisho, kwa kuwa wao ndio walionifanya nizime tochi. Kasa wa kijani hutaga katika fuo za Watamu, mayai mia moja na zaidi kwa shimo, akarudi mara kadhaa katika msimu mmoja, kisha akapumzika miaka miwili au zaidi. Huenda amesubiri miaka 20 hadi 40 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Jinsia ya watoto wake huamuliwa na mchanga: karibu na nyuzi 29 za Selsiasi huangua mchanganyiko, mchanga ukiwa na joto zaidi huangua majike karibu watupu. Baada ya takriban miezi miwili watoto hutoka usiku na kukimbilia upande wenye mwanga zaidi, ambao tangu zamani ulikuwa bahari. Taa za veranda ya hoteli huwapeleka barabarani.

Local Ocean Conservation, shirika lililoanza hapa mwaka 1997 kama walinzi wa viota, lina kituo cha kutibu kasa ambacho mgeni anaweza kukitembelea. Mvuvi akimnasa kasa wavuni bila kukusudia huwapigia simu. Kasa hupimwa, huwekwa alama, hurudishwa baharini, na mvuvi hupata fidia ndogo kwa muda na wavu wake. Baadhi ya wanaoletwa hawawezi kuzama. Plastiki imeziba matumbo, gesi imejaa, nao wanaelea juani mpaka wafe, chakula kikiwa mita mbili chini yao.

Ukienda Watamu, tafuta jedwali la maji la bandari ya Mombasa, ambalo huchapishwa kila mwaka, na upange matembezi yako kwa hilo. Usiinue kiti cha pweza kwa ajili ya picha. Mida, kaa chini kabla ndege hawajasogea, na ubaki chini mpaka wapite. Ukikuta usiku njia pana ya nyayo kutoka majini kwenda juu mchangani, zima taa, usichimbe, usimzunguke mama. Rudi nyuma na uwaarifu askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) au watu wa kituo cha kasa. Na mwenye nyumba au hoteli inayotazama bahari, tafadhali funika taa zako za upande wa ufuo, msimu huu na kila msimu.